Kitambaa Nilichokitoa Ndani ya Barakoa

Nyumbani,
Nyumba ya tatu nyuma ya karakana ya mawe,
Jumatano, tarehe 14.

Mpendwa mwanangu, kifungua mimba wangu,

Nakusalimu kabla sijakaa vizuri kitini. Hujambo huko? Mkeo hajambo? Na huyo mjukuu wangu ninayemjua kwa picha tu, meno yameshatoka? Sisi tupo, tunamshukuru Mungu, ingawa uzima wetu siku hizi una viraka.

Usishtuke kupata barua wakati simu tunazo. Jumapili ulipopiga nilitaka kukuambia hili, nikaishia kukuuliza umekula nini. Mdomo ulikataa. Na sikutaka mtu aniandikie, basi vumilia mwandiko wa mtu wa darasa la nne.

Unamkumbuka yule msugua mawe tuliyemwita Filimbi, ambaye kifua chake kilikuwa kinapiga mluzi akipumua? Wenzake walikuwa wakimtania kwamba karakana haina haja ya kengele, Filimbi akipanda ngazi kila mtu anajua saa mbili imefika. Mwenyewe alikuwa anacheka nao, akicheka anakohoa. Alifariki mwaka huu, tukamzika.

Wiki mbili baada ya mazishi nilikuwa jikoni mchana, jua linawaka, nachambua mchele. Nikasikia ule mluzi sebuleni. Ule ule, mfupi wa kuvuta, mrefu wa kutoa. Mwanangu, mwili ulinisisimka mpaka kisogoni. Nikasema, "Karibu, fundi," maana sikujua mtu husema nini. Hakujibu mtu. Nilipochungulia nikamkuta baba yako amelala kwenye kochi, mdomo wazi, na mluzi unatoka kwake.

Tukaenda hospitali. Daktari ni binti mdogo, pengine umri wa mdogo wako, lakini ana heshima. Alimpiga baba yako picha ya kifua, akaishika dirishani. Nikaona mbavu za mume wangu, na katikati ya mbavu madoadoa meupe mengi, kama mtu amenyunyiza chumvi gizani. Nilitaka kuyafuta kwa kiganja.

Alitueleza taratibu, nami nakueleza nilivyomwelewa. Vumbi la mawe unaloliona si la kuogopa sana, hilo pua inalinasa, unalitema. Linaloua ni lile lisiloonekana. Hilo linashuka mpaka chini kabisa, kwenye vifuko vidogo vya mapafu vyenye utando mwembamba kuliko ule wa kitunguu, ambako pumzi inaingia kwenye damu. Huko mwili una walinzi wake. Mlinzi akiona chembe anaimeza. Lakini jiwe haliyeyuki tumboni mwa mtu. Mlinzi anakufa, chembe inatoka nzima kama ilivyoingia, anakuja mlinzi mwingine anaimeza, naye anakufa. Kila pahali pa msiba huo panabaki kovu. Makovu yanaungana, na pafu lililokuwa laini kama sifongo linakuwa gumu kama soli ya kiatu.

Nikamwambia daktari kwamba baba yako ameshaacha kazi ya karakana, ana mwezi wa nne yuko nyumbani. Daktari akasema, "Yeye ameacha, mama. Vumbi halijaacha."

Tangu siku hiyo nikikaa naye nanyamaza nisikilize. Mashine za karakana zikizimwa jioni, mtaa wote unatulia, na mimi najua ndani ya kifua kile kazi inaendelea.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Daktari alimuuliza alikuwa anajikinga na nini. Baba yako akatoa barakoa yake ya kazi, bado anatembea nayo mfukoni, kwa maringo kabisa, akasema, "Hii. Mke wangu aliirekebisha, haibani." Yule binti akaichukua, akaipasua kwa mkasi, akaishika kwenye mwanga. Mwanga ukapita wote. Akauliza nani amefumua mshono akatoa kitambaa cha kati. Nikasema mimi nililegeza kamba tu, kitambaa sikijui.

Ni mimi, mwanangu.

Unajua wanavyokata mawe pale karakanani. Maji hawataki, kwa sababu maji yanafuta mstari wa penseli na jiwe la meza ya jikoni likikatwa kombo mwenye nyumba halipokei. Basi wanakata kavu, hawaonani kwa vumbi. Baba yako alikuwa akirudi analalamika kwamba barakoa inamziba kama mtu aliyefungwa mdomo na majambazi. Akaniomba nimlegezee. Nikafumua kwa wembe, nikakuta ndani kitambaa cheupe kizito. Nikakitoa, nikashona pale pale kwenye matundu ya zamani, hata aliyeitengeneza asingejua. Kesho yake akaniambia, "Sasa napumua kama mtu." Nilifurahi sana. Wake wa wenzake wakasikia, wakaniletea za waume zao. Nilijiona fundi wa mafundi. Vile vitambaa vyeupe nilijazia mto, nikaulalia.

Ulipokwenda huko kufanya kazi hiyo hiyo, nilikuwekea barakoa tatu za namna hiyo kwenye begi. Halafu ukasema wenzako wamezipenda, nikatuma kumi na mbili.

Nilipomwambia baba yako ukweli, kwamba nilitoa kitambaa kwenye yake na kwenye zako, mluzi ulitangulia maneno. Akasema, "Mimi niliomba." Akavuta pumzi mara tatu ndipo akamalizia. "Mtoto hakuomba."

Nimepita nyumba zote nilizoshonea. Wengine wamenisamehe, wengine bado. Mke wa mchora mistari alinisikiliza mlangoni mpaka mwisho, akaingia ndani, akafunga komeo. Simlaumu.

Sasa nakuomba. Zikusanye zote kumi na tano, uzipasue mbele ya wenzako waone ndani hamna kitu. Waambie, "Mama yangu ndiye aliyetoa." Usinifiche hata kidogo, aibu yangu haina thamani ya kifua cha mtoto wa mwenzangu. Daini barakoa nzima, na ikikubana ishukuru. Mwagieni jiwe maji, mstari mchore kwa rangi isiyofutika. Nguo za kazi usiingie nazo ndani kwa mtoto, wala mkeo asizikung'ute. Mimi nimezikung'uta miaka ishirini.

Nenda ukapigwe picha ya kifua wiki hii, usingoje ukohoe, baba yako naye hakukohoa mpaka alipochelewa. Majibu yakitoka nipigie. Najua utanidanganya ili nisiumie, nakujua, umetoka tumboni mwangu. Basi ukipiga usianze kusema. Weka simu karibu na mdomo, uvute pumzi ndefu, uitoe, nisikie mwenyewe. Maneno baadaye.

Baba yako anakusalimu, amekaa hapa mlangoni. Shangazi yako na mdogo wako wanakusalimu. Msalimie mkeo, na umbusu mtoto, lakini baada ya kuoga.

Mungu akulinde kuanzia puani mpaka kule chini nilikokuelezea, ambako mkono wangu haufiki.

Ni mimi nikupendaye, na nisiyelala vizuri,

Mama yako.