Ratiba ya Kigoma, Magharibi ya Kilindoni

Dada Mwajuma, shikamoo.

Sijapata kumwambia mtu: kila Ramadhani, nikitia udhu wa adhuhuri, humeza maji kwa siri. Jana niliapa nitafunga kweli, hata safarini. Kutoka Kigoma tulikaa angani karibu saa mbili hadi Dar, kisha nusu saa mpaka hapa Kilindoni, Mafia. Adhana ya magharibi iliposikika nikakataa uji wa Bibi, maana ratiba yetu ya futari ya Kigoma ilibakiza dakika arobaini.

Bibi akacheka. “Jua la Kigoma umelitia begini, mjukuu wangu? Huku linatangulia kuzama. Mtu hufuturu alipo. Kunywa!”

Alhamdulillahi, funga yangu imetimia! Nawaombea nanyi wepesi, na mtoto mbusu.

N.B. Nilikunywa vikombe vitatu, kisha nikamwomba Bibi aniamshe daku kwa saa za huku.