Zarun ya Nne Ilianzwa Bila Mimi

Embu, 9 Mei 1998

Kaka Mwongera,

Na tena lile neno mwizi ndilo lililonikata maini kuliko mengine yote! Nimelifikiria njia nzima kutoka Kinoru, nimelifikiria mama mkwe akinipokea kwa vigelegele, na leo nimeona afadhali nikuandikie kabla halijanioza kifuani. Msichana anaaga kwao, shela liko kichwani, na kaka yake mkubwa anapiga lango teke na kupayuka, "Rudisha kaseti, mwizi wewe!" Watu wote wa Embu wakanigeukia. Shangazi Cicily akajifanya anakohoa.

Lakini u hali gani? Baba je? Mguu wa mama umepungua kuvimba? Mimi ni mzima, tena zaidi ya mzima. Kaka, ndoa ni tamu! Kila jioni Ndambiri akitoka shuleni ananiletea ndizi moja kwenye mfuko wa koti, moja tu, ili tuigawane nusu kwa nusu. Ananiita jua lake mbele ya mama yake mzazi bila haya. Nikipika ugali ukashika chini, anasema huo ulioshika ndio anaoupenda. Nani aliniumbia mtu huyu?

Tena amenunua mashine ya gemu za kaseti, ya kuunga kwenye TV kama yetu, kutoka kwa mwalimu mwenzake, kwa sababu nilimwambia siwezi kuishi bila Zarun. Yeye hajawahi kushika gemu, basi nikamweleza hivi: kuna mtu anaitwa Zarun, unamwongoza yeye na wenzake nchi hadi nchi, wanapigana, wanazungumza na wafalme na wachawi, na hadithi inaendelea wiki baada ya wiki. Nikamwambia ziko Zarun kadhaa, na nyingine zilitolewa mara mbili. Alisikiliza kama anayesikiliza mahubiri. Na TV yake inatoa rangi! Koti la Zarun ni jekundu, Kaka! Miaka yote ile tuliliona la kijivu kwenye TV ya baba tukasema ni blanketi la jeshi.

Sikuiba chochote. Bwana Taniguchi alipokuwa mpangaji wetu, akifanya kazi ya maji kule Mitunguu, alituachia mashine ile na kaseti za kwanza sote wawili, na hata kaseti alizotutumia baadaye kutoka kwao aliandika majina yetu sote. Nimekuachia Zarun ya Kwanza na ya Pili za Kijapani, na ya Tatu ya Kiingereza. Nimechukua ya Pili ile iliyotengenezwa upya kwa Kiingereza, pamoja na ya Nne. Za Kijapani zinakufaa wewe zaidi kwa sababu hazina mambo ya kusoma. Mikono yako inazijua.

Sasa acha hasira unishauri. Nimwanzishe mume wangu na ipi?

Dada yako mwenye furaha ingawa umeniudhi,
Kinya


Kinoru, 24 Mei 1998

Kinya,

Barua imefika. Baba hajambo, mguu wa mama umepungua, ng'ombe amezaa ndama jike. Mimi pia sijambo, nikihesabu mwili tu.

Unauliza umwanzishe na ipi. Nitakujibu, kwa sababu hilo angalau nalijua. Ya Kwanza ni fupi na haina huruma. Atachoka siku ya pili. Ya Pili ya Kijapani ndiyo Zarun yenyewe. Mwenzako akifa amekufa, na unaendelea na safari ukiwa na pengo. Unakumbuka yule mpiga upinde tuliyemwita Mbaabu? Alipokufa pale darajani ulikataa chakula. Lakini hiyo mpya uliyobeba, mtu akifa anaamka kitandani katika nyumba ya wageni, amepona, na mshale unamwonyesha njia kama ng'ombe anayepelekwa kuogeshwa dawa. Ya Tatu ina maneno mengi kuliko vita. Basi mpe mumeo hiyo ya mshale. Inamfaa mtu wa kuonyeshwa njia.

Ya Nne nirudishie. Hakuna anayeijua, kwa sababu tulisema hatutaianza mpaka kelele za harusi ziishe, na tutaianza tukiwa wawili, wewe kushoto, mimi kulia. Uliyasema hayo wewe mwenyewe ukiwa umeishika mkononi.

Na sasa sikia jambo ambalo hukuniuliza.

Siku ya kukuchukua, mimi ndiye niliyeshika lango. Unajua tunavyofanya: watu wa bwana harusi hawaingii mpaka kila aliye langoni aahidiwe kitu anachokikosa. Nyanya akaahidiwa blanketi. Mzee Kathuri akaahidiwa buti za mvua. Watu wanacheka, nami nacheka. Halafu mumeo akaja mbele yangu, tai imenyooka, akasema kwa ile sauti ya ubaoni: "Na wewe shemeji, fungua lango, nitakufundisha kusoma mimi mwenyewe! Darasa la ngumbaru, mwanafunzi mmoja, bila viboko!"

Lango zima likaangua kicheko. Vijana wa karakana ninakochomelea vyuma walikuwa pale pale. Tangu siku ile sina jina lingine. "Ngumbaru, leta kipimo." "Ngumbaru, hapa pameandikwa nini?" Wazee wenye mvi ndio huenda ngumbaru kufundishwa a, e, i, o, u, Kinya. Mimi nina miaka ishirini na saba.

Mumeo alikuwa hanijui. Nani alimwambia?

Barua hii sikuandikiwa na mtu. Kiswahili nasoma na naandika. Kiingereza nasoma polepole, kwa sababu nilitoka shule darasa la saba, na unajua karo iliyobaki ilimsomesha nani. Jioni zile ulipokuwa ukinisomea maneno ya kwenye TV na kuyageuza Kimeru, mfalme ukimpa sauti ya chifu wetu, mchawi ukimpa sauti ya Shangazi Cicily, tukicheka mpaka baba anagonga ukuta, mimi nilidhani tunacheza. Kumbe ulikuwa unanisaidia.

Nilipiga kelele za kaseti kwa sababu lile lingine halikuweza kutoka mdomoni.

Kaka yako,
Mwongera


Embu, 7 Juni 1998

Kwa Mwongera,

Nimefurahi kusikia ng'ombe amezaa. Salamu zimeishia hapo.

Unamwita mume wangu mtu wa kuonyeshwa njia! Mtu aliyekariri ahadi zile kutoka Embu mpaka Kinoru, akiogopa kumsahau hata mmoja wenu! Ndiyo, mimi ndiye niliyemwambia. Aliniuliza kila mtu wa kwetu anakosa nini, nikamtajia mmoja mmoja. Alipofika kwako nikasema, "Kaka yangu hakosi kitu, labda Kiingereza." Ni uongo? Nilisema kwa mapenzi, naye akasikia kwa mapenzi. Kama vijana wa karakana ni wapumbavu, wachomelee midomo wao. Usinichomelee mimi ndoa yangu.

Na hilo la darasa la saba unalileta kwangu kama mimi ndiye niliyekutoa. Nilikuwa mtoto. Sikuomba mtu yeyote aniachie dawati lake.

Eti nilikuwa nakusaidia! Amini unavyotaka. Mimi sina nafasi ya kubembeleza mtu mzima mwenye ndevu. Nina nyumba, nina mume anayenishika mkono tukienda kisimani, majirani wakituchungulia kwenye ua.

Na ili ujue yote: ya Nne tumeianza. Jumapili tulitoka kanisani, tukala, tukaketi mimi na yeye, na ni nzuri ajabu. Ndambiri anamaliza kusoma maneno yote kabla wewe hujapepesa jicho. Hatumhitaji mtu wa kukaa kulia.

Mke wa Ndambiri


Embu, 16 Agosti 1998

Kaka yangu,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya, na ikikukuta usiitie kwenye jiko. Niliandika tena Julai, nadhani hiyo ndiyo uliyoitia. Binamu yetu Lenah alipita hapa akienda kwa wakwe zake, akaniambia umeifunga mashine kwenye gunia na kuitupa darini. Niliposikia hivyo maziwa yalimwagika jikoni nikayaangalia tu.

Nimekasirika nawe. Ningependa hilo lijulikane kwanza. Nitukane kurasa tatu, nitastahimili. Lakini kunyamaziwa na mtu niliyekua naye nyumba moja tangu nizaliwe, hapana, hiyo si haki.

Nami nakwambia mambo ya Zarun ya Nne. Ndambiri anasoma kimya. Midomo haisogei hata kidogo. Mfalme anatokea, anasema maneno yake, na kabla sijafungua kinywa mume wangu amekwisha kubonyeza, mfalme ameondoka. Nikamwambia, mpenzi, soma kwa sauti. Akasoma! Lakini Kaka, mfalme anamlilia mwanawe aliyeuawa, na Ndambiri anasoma kama anayeita majina ya wanafunzi asubuhi. Nikashindwa kuvumilia. Nikaingia mimi na ile sauti ya chifu, ya puani, kwa Kimeru. Akanitazama kwa upole wake ule, akaniuliza, "Jua langu, kwa nini mfalme ana mafua?"

Nikatupa kidude cha kubonyezea sakafuni. Ugomvi wetu wa kwanza! Yeye hakujua kosa lake, nami sikuweza kumweleza, nikazidi kumfokea, mpaka katikati ya kufoka nikajikuta namfokea mambo ya lango. Nikamwambia yote. Ngumbaru, karakana, yote.

Aliketi akafunika uso kwa mikono. Baadaye akasema, "Nilidhani hiyo ndiyo ahadi yangu bora. Zile nyingine zote zilikuwa vitu vya dukani." Ndivyo alivyo, Kaka. Nilitaka kuendelea kumkasirikia, nikashindwa. Nilimpenda mpaka nikaona vibaya. Sasa anataka kuja Kinoru kukuomba radhi palepale langoni, mbele ya watu walewale. Nimemzuia mpaka nisikie kutoka kwako.

Na neno langu mwenyewe ni hili. Nilipomjibu kwamba unakosa Kiingereza, nilijibu haraka, kwa sababu nilikuwa na furaha na sikutaka kufikiri. Ningefikiri ningemwambia anunue glavu za kuchomelea. Lakini kwamba nilikuwa nakusaidia, hilo nalikataa hadi kaburini. Tulipoanza na zile za Kijapani, nilijua herufi ngapi? Hata moja! Kila neno alilosema mfalme nililitunga mimi, nawe ulijua natunga, na ulikuwa unaniambia, "Hapana, huyu hawezi kusema hivyo, anadanganya, mtazame macho." Huko ni kusaidiwa? Nani alikuwa anamsaidia nani?

Tuifute ya Nne, tuianze upya? Sema neno moja tu, nitaifuta leo hii. Ama tucheze ipi? Wewe ndiye unayejua.

Dada yako,
Kinya


Kinoru, 6 Septemba 1998

Dada Kinya,

Pokea salamu zetu, na mwalimu umpe zake. Mvua haijafika lakini mama ameshapanda maharagwe, hashauriki. Anauliza kama umenenepa. Mguu wake sasa anautumia kunikimbiza.

Barua ya Julai sikuitia jikoni. Nilikuwa na hasira, na bado ninayo, kwa hivyo usidhani mafua ya mfalme yamenichekesha. Yalinichekesha nikiwa karakana, nikasingizia moshi.

Mwambie mumeo asije langoni. Akiniomba radhi mbele ya watu walewale, hata waliosahau watakumbuka, na wasiokuwapo watasimuliwa. Jina limeshashika. Juzi nimeitika bila kujua. Atalilipia njia nyingine, nitamwambia mwenyewe, na asije akaniletea kitabu cha kusoma.

Ya Nne usiifute. Kilichoanzwa kimeanzwa, na siwezi kukaa mbele yake nikijua mtu ameshapita pale kabla yangu. Imalizeni wawili, kimya kimya, mnavyotaka. Mimi siitaki tena maishani. Hiyo nimeikasirikia na nitabaki nayo, usinibembeleze. Ile barua yako ya Juni pia ninayo. Mtu wa kukaa kulia, uliandika. Nimeisoma mara nyingi, na ilikuwa ni Kiswahili, kwa hivyo nilielewa vizuri.

Lakini umeuliza tucheze ipi.

Jana nimepanda darini. Gunia lilikuwa na vumbi na panya ametafuna waya mmoja, nimeuunga. Ninakuja na ya Pili, ile ya Kijapani. Wewe hujui hata herufi moja ya pale, mimi sijui, na mwalimu, pamoja na cheti chake cha ualimu, hajui. Tutaketi sote watatu. Mimi nitakuwa mikono, wewe utatoa sauti, na kila mfalme akifungua kinywa, mumeo ndiye atakayetuambia mzee amesema nini. Nataka nimwone akikodoa macho. Akikosea tutamcheka, nami nitacheka kwa sauti ya lango zima, na darasa halitaisha mpaka niseme limeisha.

Mwambie ajiandae. Nitafika huko kabla mwezi haujaisha.

Kaka yako,
Mwongera