Kuku Anaatamia Ndani ya Motokaa Yangu

Mpendwa Bi Sabaha,

Baada ya salamu nyingi, nakuomba unisaidie kwa ushauri maana hapa nilipo sina wa kumwuliza, na nikisema sina simaanishi kwamba watu hawapo, watu wapo tele, ila kila ninayemkaribia naona ananyamaza, nikaona heri nikuandikie wewe nisiyekujua kuliko kuendelea kuzungumza na plagi na betri.

Mimi ni dereva, mzaliwa wa Pangani, nilikuja Nachingwea mwaka 1948 kwa ile kazi ya mashamba ya karanga ya Wazungu, nikaendesha trekta, nikaendesha lori, na kazi ilipovunjika wenzangu wakarudi kwao mmoja mmoja, mimi nikabaki kwa sababu nilikuwa nimemwoa Moza wa hapa Malolo, na kwa desturi ya Wamwera mume ndiye anayehamia kwa wakwe, basi nikahamia, nikajenga nyumba kwenye uwanja wa mama yake, na motokaa ndogo ya kijani niliyoinunua mnadani Wazungu walipokuwa wanafunga virago ikasimama mbele ya mlango wetu. Moza aliipenda kuliko mimi. Hata siku ambazo hatuendi popote alikaa kwenye kiti cha mbele upande wa kushoto, mlango wazi, ungo mapajani, anachagua choroko.

Mwaka jana wakati wa masika Moza alishikwa na homa, nikampakia kumpeleka hospitali, tukakuta mto umejaa, gari likashindwa kuvuka, tukarudi, na siku ya tatu akafariki. Tangu siku ile sijaliwasha gari hilo ila kuchaji betri tu.

Tuna mtoto mmoja, Zaitun, ana miaka mitano, analala kwa bibi yake, na kwa desturi ya hapa mtoto ni wa upande wa mama, sijakatazwa kumwona ila najua siwezi kumbeba nikaondoka naye. Jioni ananiletea chakula kimefunikwa, anaweka, anakimbia kwenda kucheza, na mimi nakula peke yangu nikiangalia mlango, na nikimaliza naosha bakuli mwenyewe ili nipate jambo la kufanya. Mama mkwe hajapata kunisemesha tangu nioe, tukikutana njiani anajifunika kanga na kukatiza kichakani, nilielezwa kwamba ndiyo heshima, na Moza alipokuwa hai tulikuwa tunalicheka jambo hilo, lakini sasa nyumba yangu iko kimya na yeye yuko kimya, nami sijui tena heshima inaishia wapi na kuchokwa kunaanzia wapi.

Sasa ndugu yangu Seleman ambaye yuko Unguja ameniandikia kwamba nihamie huko moja kwa moja, kazi ya teksi ipo, ila niende na gari langu, maana bila gari nitakuwa mtu wa kubeba mizigo ya watu bandarini. Nimeulizia. Gari linapanda garimoshi Nachingwea mpaka Mtwara, kutoka hapo linapakiwa melini, nauli inakaribia bei niliyolinunulia, na wakala anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Nilipiga moyo konde, Ijumaa baada ya sala nikamwambia Mzee Halfani, mjomba wa marehemu, kwamba nahama na gari nalichukua. Mzee akatazama chini, akasema, "Nimesikia." Hata lini hakuniuliza.

Jumamosi asubuhi nikafungua gari ili nilisafishe, nikakuta kuku. Bi Sabaha, mama mkwe ameweka kuku wa kuatamia kwenye kiti cha mbele upande wa kushoto, kwenye kitunga, mayai kumi na mawili, na chini ya kitunga ametandika kanga ya marehemu, ile ya rangi ya zambarau ambayo mama mkwe mwenyewe aliichagua kubaki nayo nguo zilipogawanywa. Nilisimama pale nikashindwa hata kukasirika. Zaitun akaja akaniambia, "Baba, bibi kasema gari lisiwashwe mpaka vifaranga vitoke." Akaenda zake kucheza.

Leo ni siku ya nne na kuku bado yumo. Naona wameniambia kwa vitendo kwamba gari langu kwao ni banda, na kanga ya mke wangu ni tandiko la kuku. Mtoto siwezi kumchukua, kaburi siwezi kulichukua, kimebaki kitu kimoja tu cha miaka yangu ya hapa kinachoweza kupakiwa melini, na hicho nacho wamekifanyia dharau. Je, nimtoe kuku nipeleke gari Mtwara, au niliache gari lioze nivuke mikono mitupu? Naomba unijibu upesi, meli haitanisubiri.

Wako katika upweke,
Amri, Malolo, Ruangwa


JIBU

Bwana Amri,

Pole kwa msiba. Nakupa pole kabla ya lolote kwa sababu nadhani umepewa mara chache, na mara ulizopewa hukuzisikia. Sasa kaa vizuri, maana nitakusema.

Nianze na gari, kwa kuwa ndilo uliloniulizia. Lisilotembea tangu masika ya mwaka jana litakupa taabu hata kulifikisha stesheni, sembuse Unguja. Unguja motokaa zipo, na wenye teksi wanafahamiana tangu utoto. Ndugu yako ni mtu mwema lakini aliloliita ni gari. Soma tena barua yake uone kama amekuita na wewe. Usilipeleke. Hilo limekwisha, na sikuhitaji hata kufikiri.

Linalonisumbua ni kuku. Mimi nimezaliwa Mbekenyera, mama yangu Mmwera, na nilipofika mahali pa kuku katika barua yako niliiweka chini nikaenda kunywa maji. Miaka yote hiyo umekaa kwa watu na hujajifunza kuwasikiliza. Mama mkwe wako hawezi kukwambia "mwanangu, usiende." Haruhusiwi kukutazama usoni, atalisemaje neno hilo? Angeweza kumtuma kaka yake, Mzee Halfani, lakini naye kwa adabu hawezi kumng'ang'ania mwanamume aliyekwisha kusema nakwenda na changu nachukua. Na uliposema hivyo ulijua ulikuwa unasema nini? Kwetu mkwe wa kiume akiondoka kwa wakwe akachukua shoka lake na mkeka wake, ndoa na udugu vimekwisha, watoto wataambiwa baba yao alifungasha. Wewe huna shoka wala mkeka. Una motokaa. Ulimwambia mzee wa watu siku ya Ijumaa kwamba unafungasha, halafu unashangaa alitazama chini.

Mama yule akakaa na habari hiyo usiku mmoja. Kulipokucha akatafuta la kufanya ambalo si kusema. Hakuna mtu Malolo anayemwatamisha kuku mahali panapoondoka. Kuku huwekwa pasipoguswa, penye mwenyewe. Alikuwa na uwanja mzima, jikoni, ghala, uvungu wa kitanda, lakini akachagua kiti alichokuwa akikaa mwanawe, kando ya usukani wako. Akatoa kanga aliyoizuia isigawiwe, kitu cha pekee alichobaki nacho kilichoshikwa na mikono ya Moza, akakitandika humo. Unaita dharau? Amri, ni nani atakayekuomba tena kwa namna hiyo maishani mwako? Halafu akamtuma mtoto wako mwenyewe awe mdomo wake, gari lisiwashwe. Ulitaka aongeze nini?

Nakuonea huruma kwa mto uliojaa. Najua kwamba unalichukia gari hilo na kulipenda kwa wakati mmoja, na unataka kulivusha bahari kwa sababu halikuvuka siku ile. Bahari haitalirudisha jambo hilo. Hukumwua mkeo, na mama mkwe wako anajua hukumwua; la sivyo asingekuletea chakula mwaka mzima kikiwa kimefunikwa. Ila unajifungia. Ni nani aliyekukataza kula barazani na wanaume wenzako? Uliacha kwenda, nao wakadhani unataka kuachwa.

Sasa fanya hivi. Kwa wakala andika kwamba huendi, mstari mmoja unatosha. Kwa Seleman andika barua ndefu kidogo, ni ndugu yako. Jioni Zaitun akija na bakuli, usimwache akimbie. Mwambie akae, mle wote, halafu apeleke jibu kwa bibi yake kwa maneno haya haya, asipunguze: "Baba kasema gari haliendi." Usiende wewe, usimfedheheshe mama wa watu. Kesho yake peleka bakuli lako barazani kwa Mzee Halfani, keti, kula, usieleze chochote. Halafu tafuta plagi mpya. Masika mengine yanakuja, kuna watu wengine Malolo watakaoshikwa na homa, na mtu mwenye gari aondoke mapema kabla mto haujajaa.

Barua yako imenifikia leo, siku ya kumi na moja tangu Jumamosi ile, na kuku huangua siku ya ishirini na moja. Gazeti hili likifika Ruangwa vifaranga watakuwa wametoka, na kiti kitakuwa kitupu. Hapo ndipo ninapokuogopea, kwa maana utaona kiti kitupu, utadhani umeruhusiwa, utachukua ufunguo. Usiuchukue. Ukiukamata tu, mama yule ataamka alfajiri kutafuta kuku mwingine, na baada ya huyo mwingine tena. Hana kuku wengi, Amri. Mjibu kabla hawajamwishia.

Bi Sabaha