Obiero wa Kizibo

Alhamisi, 4 Aprili 1985

Tumefika Kawangware tumelowa chapachapa. Nairobi yenyewe ndiyo hii! Nimetoka Nakuru kuja kuona taa za mji, nimeona matope. Tuko watatu, wote wa chuo kimoja cha ualimu: mimi, Chege na Omolo. Tunalala kwa Wangoi, shangazi yake Chege. Alikuwa yaya kwa Wazungu fulani Lavington, na walipohama wakamwachia boksi la mchezo.

Mchezo wa ajabu. Unajifanya shujaa, unaingia mapangoni, unapigana na mazimwi. Msimulizi anasema kilichoko mbele, wachezaji wanasema watafanya nini, halafu dadu inaamua. Ina pande ishirini hiyo dadu! Namba kubwa umeshinda, ndogo umekwisha. Wamenifanya mimi msimulizi — ati nina mdomo. Haya.

Vizibo vya soda ndio mashujaa. Cha Chege ni mwizi. Cha Omolo ni mtu wa mkuki, na amemwita Obiero. Huyo ni babu yake, wamemzika Desemba! Nikamwuliza kama majina yameisha duniani. Akasema mzee alikuwa katekista, hata kuku hakuwahi kuchinja, wacha sasa apigane kidogo. Tulicheka mpaka Wangoi akagonga ukuta.

Obiero ameua kila kitu nilichomletea. Dadu ikirushwa kwa ajili yake, ishirini. Tena ishirini. Zimwi moja nililipigisha magoti, likaomba lisamehewe. Omolo akasema: namdunga. Hakucheka. Hata mimi sikucheka.

Ijumaa Kuu, 5 Aprili

Mvua haijapumzika. Tumetembea hadi Lindi, huko Kibera, kumsalimia Awiti, dada mkubwa wa Omolo. Amejifungua mvulana wiki jana. Mume yuko kazini Mombasa.

Mtoto analia! Si kilio cha njaa, si cha tumbo. Analia kama mtu anayezozana. Jirani, mama mmoja mzee anaitwa Seline, akasema hana neno, bado hajaitwa tu. Kwetu Wakikuyu jina lina foleni yake, babu mzaa baba kwanza, kisha mzaa mama, hakuna maswali. Kwao Omolo, mtoto huchagua mwenyewe. Wanamtajia marehemu mmoja baada ya mwingine, na akinyamaza kwa jina fulani, basi huyo ndiye aliyekuja.

Awiti alikuwa anatabasamu. Mimba nzima alimwota babu Obiero amekaa mlangoni, kofia magotini. Akamwinamia mtoto, akamwita: Obiero.

Mtoto alipiga yowe mpaka akawa wa zambarau.

Wakamjaribu kwa majina mengine, hakuna. Awiti alikuwa anarudia tu, lakini nilimwona, lakini alikuja. Omolo alinitazama. Nikaangalia chini. Chege akajifanya anafunga kamba za viatu.

Tungerudi Kawangware leo, lakini mto umepanda juu ya daraja. Tunalala hapa, na boksi letu la mchezo tulilokuja nalo.

Jumamosi, 6 Aprili

Hanyonyi. Tangu asubuhi anageuza uso. Tulimpeleka zahanati, nesi akampima kila mahali, akasema haoni ugonjwa, ila asiponyonya tumkimbize hospitali kubwa. Tumkimbize na nini? Gari hazipiti.

Omolo alishindwa kuvumilia, akamwambia dadake kila kitu, mchezo na kizibo chenye jina la babu. Nilingoja matusi. Awiti aliuliza tu: kwa hivyo bado mnaye?

Chege akasema si kizibo tu jamani, akakichukua akakitupa mtaroni, maji yakakibeba. Awiti akaita tena. Ikawa mbaya zaidi. Seline akatusonya. Akasema mgeni hafukuzwi kwa kutupa kiatu chake. Mlimwita kwa mchezo, atatoka kwa mchezo. Mpaka afe humo, ndipo awe huru kuja huku.

Mimi! Mwana wa kanisa la Presbiteri, wikendi ya Pasaka, nimeagizwa nimuue marehemu. Ningecheka kama mtoto hangekuwa kimya hivyo. Sasa halii. Anakoroma kidogo tu. Naogopa, naandika wazi, naogopa.

Jumapili, 7 Aprili. Pasaka

Hatukwenda kanisani. Mvua inapiga mabati mpaka tunaongea kwa kupaaza sauti. Tumecheza juu ya stuli, kizibo kipya, Awiti kitandani na mtoto kifuani.

Nilimletea Obiero joka. Ishirini. Nikamletea jeshi. Ishirini. Nikamdondosha shimoni, akatoka. Chege akabadilisha dadu. Seline akarusha yeye mwenyewe — ishirini! Nikamwambia Omolo amwambie Obiero aweke mkuki chini. Omolo akasema hataki. Nikasema wewe ndiye unamchezesha! Akasema, Gathoni, leo si mimi. Jasho lilikuwa linamtoka, na nyumba ni baridi.

Basi nikaacha kumpiga vita. Nikasema: Obiero, umefika kwenye nyumba ndogo ya mabati. Mlango umefungwa. Ndani kuna mtoto.

Mtoto akafungua macho. Mara ya kwanza leo.

Awiti akaniambia: mfungulie.

Nikamwambia Awiti ukweli wangu wote, kwamba babu yake wa kofia magotini sijamwona kwenye huu mchezo hata siku moja. Huyu tuliye naye ni mwingine. Huyu hajui kusamehe, hajui kushindwa, na tumemfundisha sisi. Tukimfungulia, ataingia nani?

Awiti alimtazama mtoto. Midomo imekauka, utosi umebonyea. Akasema: hata akija na mkuki wake, mradi anyonye.

Si mimi niliye na maziwa yanayochuruzika bure. Nikafumba macho, nikasema: mlango uko wazi, Obiero, ingia. Omolo akarusha dadu. Moja. Ya kwanza tangu Alhamisi. Omolo akaanguka ubavu kama gunia, akalala palepale usingizi mzito.

Na mtoto ananyonya! Naandika nikiwa chini kando ya kitanda, mikono haitulii, lazima ifanye kitu. Nasikia anavyomeza. Seline anaimba. Chege analia bila aibu. Awiti alimwita jina, akamwita tena, na mtoto ametulia tuli. Jina limeshika. Asante Mungu, asante, asante.

Seline ameacha kuimba.

Awiti anasema ana nguvu huyu, jamani. Anacheka kidogo. Sasa hacheki. Ameingiza kidole kando ya mdomo wa mtoto, vile mama hufanya kumbandua. Mtoto anamtazama tu.

Ananiita. Polepole, kama hataki asikike. Gathoni, hebu njoo. Hataki kuachia.