Shangazi Amevuka Tope la Mwello

Owor ndugu yangu,

Najua unacheka ukiniona nimeshika kalamu. Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja uliniona nikiandika mara moja tu, pale ukutani mwa gereji, USIKOJOE HAPA, na hata siku hiyo ulisema herufi zangu zimelewa. Lakini mke wako Athieno amenikalisha hapa kwenye ngazi ya nyumba yako, akaniletea karatasi na chai, na akasema nisipokuandikia sitapata kikombe cha pili. Unamjua. Basi naandika.

Shangazi amevuka. Nakuambia hilo kwanza kabisa usije ukakaa roho juu. Jana asubuhi pikapu yako kuukuu, ile niliyokuwa nasema itafaa kufugia kuku, imevuka kinamasi cha hapa Mwello ikiwa imebeba saruji, na sasa imeegeshwa karibu na kaburi lako, tope mpaka kwenye vioo. Haijawahi kupendeza hivyo.

Nianzie nyuma, maana kuna mengi hukuyaona. Siku ya mazishi yako mvua ilianza alfajiri. Gari lililokuleta lilizama katikati ya kinamasi, likakataa kwenda mbele wala nyuma, na ikabidi tukubebe mabegani wanaume wanane. Ulikuwa mzito, Owor, sitakuficha. Mtu mmoja nyuma yangu aliteleza, jeneza likayumba, nami nikasikia kabisa sauti yako ikisema kwamba Shangazi angekuwa tayari usingechelewa mazishi yako mwenyewe. Nikacheka. Nimebeba jeneza la rafiki yangu, nacheka. Halafu nikalia mpaka kamasi zikanitiririka, na sikuwa na mkono wa kujifutia. Homa ya siku nne tu ndugu yangu, siku nne. Hata shati langu nililokuazima ulikuwa hujarudisha.

Jioni ile kaka yako Oketcho alisimama mbele ya ukoo kuzungumzia ulichoacha. Si mtu mbaya, na hakusema kwa ubaya. Alisema gari la marehemu limekaa juu ya mawe kwenye gereji ya Busia, halina injini inayonguruma wala magurudumu, kwa hiyo siku ya kuondoa matanga liuzwe kama chuma chakavu na habari yake iishe. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Athieno ndiye aliyeinuka. Akawaambia kwamba gari hilo wewe ulikuwa unalitengeneza kwa ajili ya kazi yake, na kwamba siku hiyo ya matanga litakuja lenyewe likiwa na saruji ya kujengea kaburi. Likishindwa kufika, waliuze. Oketcho akakubali upesi, nadhani kwa sababu hakuwa na shaka hata kidogo. Kisha Athieno akaketi na kunitazama. Mimi hakuna aliyeniuliza.

Nilijua anachopigania. Mlikuwa mmeshapanga: yeye achukue dagaa kule Majanji, awalete moja kwa moja mpaka masoko ya huku Mwello hata masika, wakati wachuuzi wengine wanakaa nyumbani kusubiri njia ikauke. Kwa bodaboda anabeba gunia moja, na mara mbili limetumbukia majini. Bila Shangazi, mpango huo ungezikwa na wewe.

Kwa hiyo kila Jumapili, nikitoka kanisani, nilivuka mpaka kuja gerejini upande wenu. Mke wangu alianza kuuliza kama Uganda nina nyumba ya pili. Nikamjibu ninaye shangazi mgonjwa, na sikusema uongo. Kazi ya injini ulikuwa umeimaliza zaidi ya nusu, ikabaki kulifanya gari lililozaliwa likisukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake lijifunze kuvuta na ya mbele. Nilikata fremu, nikachomelea vishikio vya springi, nikapachika ile giaboksi ndogo ya kugawa nguvu mbele na nyuma. Nilizungumza na wewe muda wote, hasa nilipokuwa natafuta spana namba kumi na nne uliyoificha. Ilikuwa ndani ya buti lako la mvua. Kwa nini, Owor?

Sasa nifike kwenye aibu yetu.

Unakumbuka tulivyogawana ununuzi. Sisi wawili hatukuwahi kukubaliana ni upande gani wa mpaka una vitu bora. Sukari, misumari, ndala, mpaka mbegu za maharage tulibishania. Kwa hiyo ulipoamua kutafuta ekseli, ukatoa hukumu yako: ya mbele niitafute mimi, kwa sababu mbele ni mahali pa kuonekana na Wakenya tunapenda kuonekana, ya nyuma utaitafuta wewe, kwa sababu nyuma ndiko kazi inakofanyika. Na ile ya nyuma ya zamani ulishaitupa kwa kuwa ilikuwa inavuja na kulia. Mimi nikapata yangu upande wetu, kwenye mabaki ya pikapu moja iliyopinduka, ikiwa na difu, lile bonge la gia la katikati, safi kabisa. Muuzaji akataka kunipa na ya nyuma yake, pea kamili. Nikakataa kwa heshima yako. Wewe ukaleta ya kwako kutoka Tororo, umeifunika turubai ili nisiitie kasoro. Wiki nzima tulitembea tukipigiana vifua. Mimi sikukuuliza yako ina meno mangapi, nawe hukuniuliza yangu. Mafundi wawili wazima, wenye mvi.

Siku nane kabla ya matanga nilimtoa Shangazi nje kwa mara ya kwanza. Athieno alikuja kutoka Mwello kushuhudia, amevaa gauni la kanisani. Kwa magurudumu ya nyuma tulikwenda vizuri, nikaanza kujisifu. Kisha pale kwenye murram ngumu nyuma ya gereji nikaingiza na ya mbele. Gari likaruka. Likagonga chini mara tatu kama mtu anapiga mlango kwa nyundo, likatetemeka, likasimama lenyewe, na harufu ya mpira ulioungua ikatufikia puani. Athieno alishuka, akazunguka gari lote polepole, akaniuliza kama hilo ndilo nililokuwa nalifanya Jumapili zote.

Nikaliinua kwa jeki. Nikachora alama za chaki kwenye magurudumu na kwenye propela, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu kwenye ekseli, nikamwomba anisaidie kuzungusha, yeye gurudumu la kushoto na mimi la kulia. Alihesabu mizunguko ya propela kwa Kidhopadhola, achiel, aryo, adek. Ya nyuma, gurudumu likizunguka mara moja, propela ilizunguka mara nne kasoro. Tukahamia mbele. Nne na nusu, na zaidi kidogo. Tukarudia, nikidhani amekosea. Hakukosea. Difu yako na difu yangu zote mbili zilikuwa nzuri, na hazikuwa na mwendo mmoja. Mbele ilitaka hatua zake na nyuma zake, na gari katikati likapasuliwa. Yaani Owor, tuliunda gari linalobishana kama sisi.

Nilikaa chini kwenye vumbi. Dawa niliijua: yale mabaki yalikuwa bado pale kwa muuzaji, na ekseli ya nyuma niliyoikataa bado ilikuwa chini yake, pea ya ile ya mbele. Kazi ya siku tatu. Lakini ile yako ndiyo kitu cha mwisho ulichokifunga kwa mikono yako. Ulikifunga Jumatano, Alhamisi ukashikwa na homa. Alama za vidole vyako zilikuwa bado kwenye grisi. Nikamwambia Athieno sitaigusa, nitatafuta ya mbele ya kufanana nayo hata kama ni mpaka Mbale, hata Kampala. Akaniuliza nitaipata baada ya muda gani. Nikasema sijui. Matanga yalikuwa wiki moja mbele, na sote wawili tulijua.

Alijifuta chaki mikononi kwa kanga. Halafu akasema, taratibu, kama anayemweleza mtoto: "Shemeji, wewe toa tu hiyo ya Owor. Owor ndiyo alikufa. Gari bado haikukufa."

Nikaitoa. Nililia kwenye kila nati, na nati zako ulizikaza kwa hasira ya dunia nzima, kwa hiyo nililia sana. Muuzaji aliponiona narudi kuchukua ile niliyoikataa alinicheka mpaka akashika ukuta. Nikaivusha kwa mkokoteni, maafisa wa mpaka wakiniuliza ninapeleka wapi kitu kama hicho, nami nikasema kwa shangazi yangu. Kwa hiyo sasa, mbele na nyuma, pikapu yako inatembelea vyuma vya Kenya. Najua. Tulia hapo ulipo, usije ukafufuka kwa jambo dogo.

Jana basi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, kinamasi kimejaa, na watu wa matanga wamesimama ng'ambo kututazama, Oketcho mbele yao na fimbo yake. Athieno alikuwa kando yangu, mifuko kumi ya saruji nyuma, imefunikwa turubai lako. Nilishuka nikafunga vishikio vya magurudumu ya mbele ili nayo yavute, nikaingiza gia nzito, nikashika usukani na kusali sala fupi ya kwetu. Kufika katikati, magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka bure, matako ya gari yakaenda upande, injini ikashuka sauti. Hapo ndipo gari lililokuleta lilipofia. Athieno alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Kisha ya mbele yakauma. Nilisikia kwenye usukani, kabla hata gari halijasogea, kwamba chini kule yamepata udongo mgumu. Yakavuta. Yakavuta tena, polepole, na Shangazi akapanda ng'ambo akimwaga tope pande zote, na vigelegele vikapigwa mpaka mbuzi wakakimbia.

Athieno aliniambia nisimame. Akashuka na viatu vyake vya kanisani, akaweka kiganja kwenye tope la gurudumu la mbele. Kisha akapanda tena akasema twende, saruji isiloe. Oketcho mwenyewe ndiye aliyeshusha mfuko wa kwanza, na kabla ya chakula akatangaza mbele ya ukoo kwamba gari ni la mke wa marehemu na asisikie mtu akilitaja tena. Wiki ijayo Athieno anaanza safari za Majanji. Nimemfundisha kuingiza ya mbele kwenye tope tu na kuitoa akifika pakavu. Anaendesha kwa kasi kuliko ulivyokuwa ukiendesha wewe, na kelele zako za breki hatuzisikii tena.

Difu yako ipo kwangu. Nimeisafisha nje, nimeipaka grisi, nimeifunga kwenye gunia, na iko chini ya kitanda chetu. Mke wangu ananiambia mmoja wetu atahama. Hizo alama za vidole sikuzifuta, nilipaka kuzizunguka.

Nimekukosa, Owor. Gereji imekuwa na utulivu usio na maana. Nikinunua sukari sasa nanunua tu, sina wa kumkera nayo.

Kuna jambo moja limebaki. Jana baada ya kula, Oketcho aliniuliza mbele ya wote kwa nini kazi ilichukua muda mrefu hivyo, ni kitu gani kilichokuwa kinasumbua. Athieno alinitazama, maana yeye alihesabu, anajua. Ndugu yangu, ubishi wa maisha yetu yote ulikuwa mkononi mwangu, na wewe hukuwepo kujibu. Nikasema, "Ilikuwa difu ya Mkenya. Ilikuwa mbovu." Walicheka, Owor, ukoo wako wote, mpaka mzee mmoja akadondosha kikombe, na Oketcho akasema wewe ulikuwa ukiwaambia hivyo siku zote.

Basi pumzika, rafiki yangu. Ahadi yangu ni hii: muda wote nitakaoishi, yeyote atakayeuliza, upande wenu au wetu, jibu litakuwa hilo hilo. Tukionana huko ndipo tutabishana upya, na siku hiyo usitegemee huruma.

Wako,
Wandera