Kiti cha Baba Yenu Kimegeukia Ukuta

Stefan na Bronia,

Nimewahi zamu hospitalini. Supu ya kabichi iko kwenye friji, ipasheni moto. Ondoeni theluji mlangoni kabla ya mechi; zimebaki timu nne tu na yetu imo, kwa hiyo majirani watakuja.

Asubuhi nimeshuka nikakuta kiti cha baba yenu kimegeuzwa, kinatazama ukuta. Tangu tumzike Novemba hakuna aliyekikalia. Na mnajua ni yeye tu aliyekuwa akikigeuza hivyo timu yetu ikibanwa, kwa sababu moyo wake haukuweza kutazama, alisikiliza tu.

Stefan, kama ni wewe unanitania, umeniumiza. Nimekaa kwenye ngazi nikalia mpaka kahawa ikapoa. Bronia, na wewe usicheke.

~~Kirudisheni kitazame televisheni.~~ Kiacheni kama kilivyo. Mechi ikianza, ongezeni sauti.

Na kama si ninyi mliokigeuza, basi mlango wa nyuma msiutie komeo leo. Funguo anazo, tulimzika nazo.

Mama