Siku Niliyosema Umekufa

Baba yangu mpendwa,

Nimekaa dukani hapa Mbarara, mlango nimeurudisha nusu, nakuandikia jambo ambalo nilipaswa kukuambia kwa mdomo ukiwa hai.

Unakumbuka siku tulipofungua hili duka la vitenge? Kitambulisho changu kilikuwa hakijatoka, kwa hiyo tuliliandikisha kwa jina lako. Ulikuja kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale umevaa koti la kanisani, na karani alipokukabidhi hati ulimwomba akuonyeshe kwa kidole mahali ulipoandikwa. Tangu tutoke Kivu ya Kusini, jina lako lilikuwa kwenye orodha za kugawiwa mahindi na mafuta tu. Ukaniambia, "Leo jina yangu iko mu karatasi ya batu benye kulipa, haiko mu karatasi ya batu benye kupewa." Ulicheka njia nzima hadi stendi.

Miaka ya kwanza nililipa kodi ya serikali bila shida, na kila risiti nilikuletea kambini uione. Ulizitunza ndani ya Biblia. Kisha mgao wa chakula ukapunguzwa Nakivale, na wale mama waliokuwa wakichukua vitenge kwangu kwenda kuviuza kule wakaacha kuja. Nani atanunua nguo na watoto hawajala? Wewe nawe ukaanza kuugua figo. Mwaka ule sikulipa. Barua ya kwanza ya ofisi ya kodi niliisoma. Ya pili niliisukuma chini ya vitenge bila kuifungua. Ningeweza kwenda kujieleza, baba, lakini niliona aibu, na aibu hiyo ndiyo iliyonitia kwenye aibu kubwa zaidi.

Asubuhi ile ulikuwa umetoka hospitali. Nilikulaza nyuma ya pazia, juu ya marobota, upumzike kabla ya kupanda gari la kurudi kambini. Akaingia ofisa wa kodi, dada mmoja mpole, ameshika faili. Akasoma jina lako, akauliza, "Huyu mzee mwenye duka iko wapi?"

"Alikufa, madam," nikamjibu. "Mimi nachunga tu duka mpaka familia ikae, iamue."

Akanipa pole, pole ya kweli. Akaandika kitu, akatoka.

Nyuma ya pazia ulikohoa mara moja. Nilisimama na mkasi mkononi, sijui niende wapi. Nilipofunua pazia nilikukuta umekaa, unafunga kamba za viatu.

"Mutoto wangu," ukaniuliza taratibu, "nilikufa lini?"

Nilianza kujitetea kwamba wangefunga duka, na hela ya dawa zako ingetoka wapi. Ulinisikiliza mpaka mwisho. Ukasema, "Woga naielewa. Lakini twende ku ofisi yao, tubaambie." Nikasema tutaenda kesho. Kesho yake nikasema wiki ijayo. Hukunikumbusha tena, nami nikajifanya umesahau.

Miezi mitatu baadaye ulikufa kweli. Watu walipokuja msibani wakaniuliza ilikuwaje, ilibidi mke wangu awajibu. Neno lile halikunitoka mdomoni, kwa kuwa nilikuwa nimeshalitumia.

Mwezi uliopita nikajikaza, nikaenda ofisini. Nilimkuta dada yule yule, nikamweleza yote macho yangu yakiwa mezani. Aliifungua faili, akasema, "Mzee alikuja hapa yeye mwenyewe. Alipanda hizi ngazi akipumzika-pumzika. Akaniambia, 'Mimi ndiye ule mwenye kufa.'"

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

"Aliomba tukupe nafasi ulipe pole pole. Tulimwambia lazima wewe ukuje. Akasema, 'Atakuja, si mtu mubaya, ni woga tu.'"

Hapo nikaielewa siku ile uliponiambia umechelewa hospitali kwa sababu ya foleni. Ulirudi miguu imevimba, nami nikakulalamikia kwamba gari la kambini limekuacha.

Tumekubaliana nilipe kidogo kidogo kila mwezi. Fungu la kwanza nimelitoa kwa kuuza pikipiki, sasa natembea kwa miguu, na sioni vibaya. Ninachoona vibaya ni kwamba uliishi miezi ile yote ukinisubiri, kila ukija hospitali unakula mezani kwangu, unaniombea kabla ya chakula, na mimi nilikuwa nakwepa macho yako.

Kabla sijaondoka, dada yule alitoa fomu ili duka liandikwe jina langu. Nilimsihi aliache lako. Akasema sheria haimruhusu. Akachukua kalamu, akaniuliza, "Baba yako alifariki lini?" Nilimtajia siku. Nikalia mbele ya watu wote waliokuwa kwenye foleni, naye akangoja nimalize ndipo akaandika.

Nisamehe, baba. Upumzike huko uliko.

Ni mimi, mwanao uliyesema atakuja.